Ujue Unacholipa: Bajeti, Kodi na Biashara Ndogo ya Kalemie

Anayeuza ndakala, sukari au vitenge katika mji wa Kalemie, nchini Kongo, anaishi chini ya bajeti tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza hupigiwa kura Kinshasa na kuanza kutumika tarehe 1 Januari. Ya pili hupitishwa na bunge la mkoa wetu wa Tanganyika, kwa sheria ya mkoa tunayoiita edi. Ya tatu ni ya jirani: bajeti ya Tanzania husomwa Dodoma mwezi wa Juni na kuanza tarehe 1 Julai, na sehemu kubwa ya shehena inayoshuka katika bandari yetu imepitia Kigoma. Watu wengi wanaoguswa na bajeti hizi huzijua kwa njia moja tu: siku wanapokuta bei ya jumla imepanda, au mtoza ushuru anapotaja kiasi kipya. Hoja yangu ni kwamba kinachommaliza mfanyabiashara mdogo hapa si kodi iliyoandikwa katika sheria. Kinachommaliza ni malipo asiyoyajua: hajui nani ameyaweka, yanakwenda wapi, yanaanza lini, na kama alipaswa kuyatoa. Kwa hiyo ulinzi wake wa kwanza ni maarifa na daftari. Huruma ya mtoza ushuru na ujanja wa kumkwepa havimfikishi mbali.

Tuanze na namna pengo la Kinshasa linavyogeuka kuwa ushuru wa meza sokoni. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 175, inasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa, na kwamba mkoa unabaki na fungu hilo palepale yanapokusanywa. Sheria ya 2008 kuhusu miji, komini, sekta na shefferi inaongeza kwamba maeneo hayo nayo yana haki ya asilimia 40 ya fungu la mkoa. Ilivyo kweli, fedha hupanda kwanza Kinshasa, kisha mkoa husubiri kurudishiwa, na kwa miaka mingi kilichorudi kimekuwa sehemu ndogo ya haki yake. Mkoa usiopata fungu lake bado una mishahara na ofisi za kuendesha, na komini vilevile. Hutafuta fedha mahali pa karibu, yaani sokoni, barabarani na bandarini. Vita vya mashariki ya nchi vimeongeza mzigo huo. Goma ilianguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, na pamoja nayo serikali ikapoteza mapato ya forodha ya miji hiyo. Machi mwaka huohuo mishahara ya wanajeshi na polisi iliongezwa maradufu, na ilipofika Juni bunge likapitisha bajeti ya marekebisho. Ukisikia kwamba mapato ya nchi yamepungua na matumizi ya vita yamepanda, usiichukue kama habari ya mbali. Ni dalili kwamba ofisi za hapa zitabanwa zikusanye zaidi, na wewe uwe umejiandaa.

Kodi nyingine humfikia mtu ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya kodi za ndani, DGI. Iliyo kubwa kati ya hizo ni TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake ni asilimia 16. Kampuni kubwa iliyoandikishwa huilipa inaponunua, huitoza inapouza, na kupeleka serikalini tofauti tu. Muuza duka mdogo ambaye hajaandikishwa huilipa ndani ya bei ya jumla bila kuwa na njia ya kuirudisha. Kwake TVA ni sehemu ya mtaji, na asipoiingiza katika bei yake itakula faida. TVA ilipoanza tarehe 1 Januari 2012, ikichukua nafasi ya kodi ya zamani ya mauzo, bei zilipanda katika miji mingi kwa sababu wauzaji wengi waliongeza kodi mpya juu ya bei iliyokuwa tayari na kodi ya zamani ndani yake. Mwaka 2024 mambo yalikwenda upande wa pili: mwezi wa Agosti serikali ilitangaza kupunguza kodi na ushuru kwa vyakula vya lazima vinavyotoka nje, vikiwemo mchele, mahindi, mafuta ya kula, sukari na unga wa maziwa. Katika hali zote mbili funzo ni lilelile. Kodi ikipanda, bei hupanda mara moja. Kodi ikishuka, bei hushuka tu pale mnunuzi anapojua na kudai. Ukisikia nafuu imetangazwa kwa bidhaa unayouza, uliza bei katika depo mbili au tatu, taja tangazo hilo, na ulizia kama shehena iliyopo imeingia kabla au baada yake. Mwenye depo anayejua kwamba umefuatilia hana sababu ya kukupa bei ya jana.

Sasa tuje kwenye kodi inayomhusu mdogo moja kwa moja. Sheria ya tarehe 8 Agosti 1990 inamtaka Mkongomani anayefanya biashara ndogo awe na patenti, yaani leseni ya biashara hiyo. Kisha sheria ya Februari 2013 iliwapanga wadogo katika makundi mawili. Yule ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi franka milioni 10 aliwekewa kodi moja ya franka 50,000 kwa mwaka. Anayezidi hapo bila kuvuka milioni 80 aliwekewa asilimia 1 ya mauzo kama anauza bidhaa, na asilimia 2 kama anatoa huduma. Zingatia kwamba kipimo ni mauzo, si faida. Milioni 10 inaonekana kubwa, lakini igawe kwa siku 312 za kazi na utapata kama franka 32,000 kwa siku. Mama anayeuza ndakala za franka 60,000 kwa siku hufikisha milioni 18 na laki saba kwa mwaka, hata kama anachobaki nacho nyumbani ni kidogo sana. Hapo bado hatujahesabu anguko la franka. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa kama franka 920, kwa hiyo milioni 10 ilikuwa karibu dola 10,900. Mwaka 2024 dola ilizunguka franka 2,800, na milioni ileile 10 ikawa karibu dola 3,600. Mpaka wa kundi ukibaki vilevile kwa franka huku bei zikipanda, mtu hupanda kundi bila kutajirika hata kidogo. Hii ni nyongeza ya kodi ambayo hakuna bunge lililoipigia kura, na ni mtu mwenye hesabu zake tu anayeweza kuiona.

Mfano huohuo unaonyesha kwa nini nasema kodi ya sheria siyo inayoumiza zaidi. Asilimia 1 ya mauzo ya mama yule ni kama franka 187,200 kwa mwaka. Tuseme kila siku ya kazi anatoa franka 1,000 tu bila risiti: kwa huyu aliyesema anakagua usafi, kwa yule aliyesema ametumwa na ofisi, kwa mwingine ambaye hakusema chochote. Kwa siku 312 ametoa franka 312,000, na mwisho wa mwaka hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba amewahi kulipa. Anayekuja Januari na hati halali atamdai upya, na atakuwa na haki. Malipo yasiyo na risiti hayampunguzii mtu deni, humwongezea. Tatizo hili lina ukubwa wake katika mashariki yote ya nchi. Utafiti wa taasisi ya IPIS uliotolewa 2017 ulihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake, vya askari, vya makundi yenye silaha na vya watumishi wa umma. Bei ya gunia linalopita hapo hupandishwa na malipo ambayo hayamo katika bajeti yoyote.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, zoea kuuliza maswali manne. Kwanza, kodi hii ni ya nani: serikali kuu, mkoa, au mji na komini? DGI hushughulika na kodi za ndani za serikali kuu, DGDA na forodha, DGRAD na mapato ya kiutawala. Mkoa una idara yake ya mapato. Komini ina ushuru wa soko. Pili, imeandikwa wapi? Tarehe 13 Machi 2018 zilitiwa saini sheria mbili zinazoorodhesha kodi na ushuru wote unaoruhusiwa, moja kwa serikali kuu na nyingine kwa mikoa na maeneo yake. Kinachodaiwa kama hakimo katika orodha hizo, hakina msingi. Tatu, kiasi kimewekwa na nani? Kwa kodi ya mkoa, jibu linatakiwa liwe edi iliyopitishwa na bunge la mkoa, si neno la mtu aliyesimama mbele ya meza yako. Nne, fedha inaingia wapi na karatasi gani inatoka? Kodi kubwa hulipwa benki kwa hati ya malipo. Ushuru mdogo wa kila siku hutolewa jetoni au risiti yenye nambari. Uliza kwa upole na heshima, bila kugombana, maana mtumishi mwenye hati halali hachukii maswali haya. Yule anayekasirika amekwisha kukujibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mambo ya kodi maneno hayo yana uzito wa sheria. Daftari halihitaji kusoma sana. Kwa kila siku andika mauzo yote, gharama za kununua na kusafirisha, kodi na ushuru uliotoa pamoja na nambari ya risiti, na fedha uliyochukua kwa matumizi ya nyumbani. Hayo manne yanatosha. Risiti ziweke katika bahasha moja kwa kila mwezi, na uzipige picha kwa simu, kwa sababu wino wa karatasi nyingi hufutika na mvua haichagui. Kisha tenga fedha ya kodi kila jioni. Ukijua kwamba mwaka utakudai karibu franka 187,000, gawa kwa siku zako za kazi utapata franka 600 kwa siku, kiasi ambacho hakivunji meza. Kinachovunja meza ni kuitafuta yote kwa siku moja, ndipo mtu hukopa kwa riba au huuza mtaji. Fedha hiyo isikae katika mfuko mmoja na ya nyumbani. Iweke kwenye simu, au katika kikundi cha akiba unachokiamini.

Wapo watakaosema kwamba daftari ni hatari, kwamba anayeandika mauzo yake anamwandalia mtoza kodi ushahidi. Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa, kwa sababu hofu hiyo imezaliwa na usumbufu wa kweli. Lakini angalia linalotokea pale usipokuwa na hesabu. Ofisi ya kodi haikuachi, hukukadiria. Mkaguzi huangalia duka lilivyojaa, hukisia, na wewe huna cha kumpinga nacho. Aliyeandika anaweza kuonyesha kwamba rafu zilizojaa ni bidhaa za mkopo, kwamba mwezi wa nne boti hazikufika, kwamba faida ilikuwa ndogo. Anaweza pia kuthibitisha kwamba yumo katika kundi la chini na hapaswi kupandishwa. Tena daftari hilohilo ndilo benki na vyama vya mikopo huliuliza. Hasara ya kuonekana ipo, nakubali, ila hasara ya kukadiriwa kila mwaka ni kubwa zaidi, na haina kikomo.

Wengine wanauliza swali gumu zaidi: kwa nini tulipe, ilhali Leta, yaani serikali, haitufanyii kitu? Barabara ya kwenda Nyunzu na ile ya Moba zinajulikana, umeme unajulikana. Sitakataa uchungu huo. Hata hivyo bajeti imekwisha kuingia katika nyumba zetu kwa njia inayohesabika. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za umma ilitangazwa kuwa bure, na mzazi mwenye watoto wanne aliacha mzigo uliokuwa ukimla kila muhula. Pale fedha ya walimu inapochelewa kutoka Kinshasa, michango hurudi shuleni kwa majina mapya. Hii inaonyesha kwamba fungu moja la bajeti linaweza kumpa au kumnyang'anya mzazi zaidi ya biashara yake ya mwezi. Kukataa kulipa hakuleti walimu wala barabara. Kinacholeta nguvu ya kudai ni risiti: mwenye risiti ana haki ya kuuliza fedha yake ilifanya nini, na asiye nayo hana pa kuanzia. Kodi inayolipwa mfukoni mwa mtu haitajenga chochote, na ndiyo hiyo tunayoizoea kuilipa bila kulalamika.

Mabadiliko mawili yanataka uangalifu wa pekee. La kwanza ni sheria za tarehe 30 Novemba 2023, ambazo zinatenganisha kodi ya mapato ya kampuni na kodi ya mapato ya watu binafsi, na ambazo utekelezaji wake ulipangwa kuanza Januari 2026. Mwenye duka na mwajiriwa wote wanaguswa. Nenda DGI mwanzoni mwa mwaka, kabla hujaitwa, uulize umewekwa kundi gani na kwa kiwango gani, na uombe jibu hilo kwa maandishi. La pili ni thamani ya franka. Mwaka 2025, kuanzia Septemba, franka ilipanda ghafla, na dola iliyokuwa karibu franka 2,800 ikashuka hadi karibu 2,300 au chini yake. Aliyenunua shehena kwa dola ya juu akauza kwa franka za bei mpya alipata hasara bila kukosea hesabu. Kwa kila kodi unayodaiwa, ulizia kama imewekwa kwa dola au kwa franka. Iliyowekwa kwa dola hupungua franka inapopanda, na anayekudai kwa kiwango cha zamani cha kubadilisha fedha anachukua kisicho chake.

Kwa wanaofuata mali Kigoma, kalenda ya jirani ni sehemu ya kalenda yao. Sheria ya fedha ya Tanzania hubadilisha tozo na ushuru kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo bei uliyopewa Mei isiwe msingi wa mkopo wa Agosti. Tangu mwisho wa Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, hivyo mwenye dola hulazimika kuzibadilisha kwa shilingi, na gharama hiyo ya kubadilisha iingie katika hesabu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wapo waliodhani ushuru ungefutika siku ileile. Uanachama peke yake haufuti ushuru. Nafuu hutegemea nchi inavyotekeleza mapatano, na mali sharti iwe na cheti cha asili. Dai cheti hicho kutoka kwa muuzaji kabla ya kupakia, kwa sababu ukishafika bandarini bila hati umechelewa. Na mwenye nyumba au mpangaji asidhani haya hayamhusu: kodi ya ardhi na ya mapato ya kupangisha ni za mkoa, na edi inayozibadilisha huishia kwenye kodi ya chumba. Andikeni mkataba unaosema nani analipa nini.

Mtu mmoja anaweza kuuliza maswali na kuandika daftari, lakini hawezi peke yake kubadilisha edi. Hapo ndipo vyama vina kazi: FEC kwa wenye kampuni, COPEMECO kwa wadogo na wa kati, na vyama vya wauzaji wa soko, wavuvi na madereva wa pikipiki. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ombi linalosema tu kwamba watu wanateseka ni rahisi kuliweka pembeni. Ombi lenye madaftari ya wauzaji hamsini, linaloonyesha kwamba kila mmoja hulipa mara nne kwa mizigo ileile na kutaja ofisi zote nne, ni gumu kulikwepa. Kuna pia jambo la kudai kwa matumaini. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa eneo lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Lithiamu ya Manono imo katika mkoa wetu. Mkoa utakaopokea fungu hilo hautakuwa na sababu ileile ya kuegemea meza ya ndakala, na ni wajibu wetu kuuliza mapema limeandikwa wapi katika bajeti ya mkoa na litapunguza ushuru upi.

Serikali kuu inatakiwa na Katiba kufikisha mswada wa bajeti bungeni kabla au ifikapo tarehe 15 Septemba, na bunge la mkoa hujadili yake katika miezi inayofuata. Kwa hiyo ratiba ya mfanyabiashara mdogo iko wazi: Januari aulizie kundi lake DGI na edi mpya mkoani, Julai afuatilie mabadiliko ya Tanzania, Agosti chama chake kikusanye hesabu za wanachama, Septemba ombi liwe mezani kwa wabunge wa mkoa. Anayeanza daftari leo atakuwa na miezi ya kuonyesha wakati huo ukifika. Anayengoja hadi Desemba atakuta kiasi kimekwisha kuandikwa, na kazi yake itakuwa kulipa tu.